Kovu kwenye kisahani, kovu kifuani mwa mama

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Nasoma sayansi ya maabara, mwaka wa tatu, hapa Dodoma. Mama yangu amegonga kokoto Ntyuka kwa miaka 16. Mwaka jana picha ya kifua ilionyesha mapafu yake yana makovu. Dozi ya kifua kikuu ameshamaliza mara mbili, na bado akipanda kile kimlima cha kuja nyumbani anasimama njiani kutafuta pumzi. Juzi nimesoma kwamba watafiti wamepata dawa inayoondoa kovu kwenye seli za mapafu maabara. Seli zilizo kwenye kisahani zinapataje kovu, na kovu ni la pafu zima? Na habari hizi nizichukulieje mimi ambaye mama yuko nyumbani anakohoa?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole nyingi.

Kovu ni la pafu zima, hapo hujakosea hata kidogo. Seli za kwenye kisahani haziugui ugonjwa wa mama. Kinachofanyika maabara ni kuchukua hatua moja ya ugonjwa ule na kuirudia kwa siku mbili tatu, ilhali kifuani mwa mama hatua nyingi zimepishana na kulundikana kwa miaka 16. Hatua moja inaweza kuulizwa swali moja na ikajibu vizuri, mradi swali liwe ni lake. Kwa hiyo ukisoma kwamba dawa fulani imeondoa kovu kwenye seli, usianze kuuliza dawa inapatikana wapi. Uliza kwanza seli zenyewe ziliulizwa nini.

Tuingie kidogo ndani ya pafu ili tuelewane. Mtu mzima ana vifuko vya hewa milioni 480 hivi. Ukuta wa kila kifuko umetandikwa seli bapa, nyembamba mno, ambazo hufunika kama asilimia 95 ya eneo lote, na oksijeni hupita hapo kuingia kwenye damu. Katikati yake zimejibanza seli nyingine, fupi na nono. Hizi nono hutoa ute unaozuia kifuko kisijifumbe tunapotoa pumzi, na seli bapa zikifa ndizo zinazogawanyika kuziba pengo. Nyuma ya ukuta wamekaa mafundi, yaani seli ziitwazo faibroblasti. Pafu likijeruhiwa mafundi huitwa kwa ishara za kemikali, na ishara yenye nguvu kuliko zote ni protini iitwayo TGF-beta 1. Faibroblasti ikiipata hugeuka kuwa miofaibroblasti: hujijaza nyuzi za aktini kama zile za misuli, huvuta tishu iliyo jirani, na humwaga kolajeni, protini ngumu ambayo ndiyo hujenga kovu. Jeraha likifunga, mafundi hufa au hurudi kwenye utulivu wao. Kwenye ugonjwa wa kovu hawaondoki. Wanapiga lipu juu ya lipu mpaka madirisha ya nyumba yanaziba.

Sasa kisahani. Faibroblasti zinazotumika sana zina umri mkubwa kuliko wewe, na pengine kuliko mama. WI-38 zilioteshwa Marekani na Leonard Hayflick mwanzoni mwa miaka ya 1960, na MRC-5 zikaoteshwa Uingereza mwaka 1966, zote kutoka kwenye mapafu ya vijusi. Hizi si seli za saratani. Hugawanyika kama mara 50 kisha huzeeka na kusimama, jambo ambalo Hayflick mwenyewe ndiye aliyelionyesha. Maabara nyingine hupata seli za wagonjwa wenyewe, pale pafu bovu linapotolewa ili mtu apandikizwe jingine. Unazilisha maji ya virutubisho ya rangi ya waridi, unaziweka kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye kabonidioksidi asilimia 5. Zikishatanda, unazinyima seramu (maji ya damu yanayozikuza) usiku mmoja zitulie, halafu unatia TGF-beta, mara nyingi nanogramu 5 kwa kila mililita. Baada ya saa 48 unapaka rangi inayoshika aktini ya misuli na kuangalia kwa darubini. Seli ambazo juzi zilikuwa nyembamba, zimelala upande mmoja kama mabua ya uwele yaliyolazwa na upepo, sasa zimetanuka, na ndani yake imepita mistari ya kijani iliyokazwa kama nyaya.

Lipo jaribio jingine ninalolipenda zaidi, kwa kuwa unaliona kwa macho tu. Unachanganya faibroblasti na kolajeni ya baridi, unaimimina kwenye kishimo cha sahani, ikipata joto inaganda kuwa jeli laini. Kisha unapitisha ncha ya pipeti pembeni, unazungusha taratibu, jeli iachie ukuta. Ukija asubuhi, ile iliyotiwa TGF-beta imejivuta katikati, imebaki na ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake zimenyanyuka. Bila shaka umewahi kuona ngozi mbichi ya mbuzi iliyong'olewa mambo mapema, jua likaivuta ikajikunja. Ndivyo inavyokuwa. Na nguvu hiyohiyo ndiyo inayomzuia mama asivute pumzi mpaka mwisho: pafu lake linajivuta kwa ndani, linakataa kutanuka.

Nikueleze na jambo lililonigharimu miezi minne nilipokuwa masomoni. Visahani vyangu vya kulinganishia, vile ambavyo sikuvitia TGF-beta hata tone, vilikuwa vinang'aa aktini karibu sawa na vilivyotiwa. Nikadhani nimechanganya lebo. Nikarudia. Nikabadilisha seramu, nikafungua chupa mpya ya rangi, nikarudia tena, yakawa yaleyale. Mama mmoja fundi wa maabara, aliyeotesha seli kwa miaka mingi, akakiinua kisahani kimoja kitupu, akakigonga kwa ukucha, ko, ko, akaniuliza: "Pafu liko hivi?"

Ilikuwa plastiki. Pafu lenye afya lina ugumu wa kilopaskali 2 hivi, na lenye kovu hufika 16 au 17. Plastiki ya kisahani imelipita pafu kwa ugumu karibu mara milioni moja. Na faibroblasti huhisi ilipokanyaga. Ikikanyaga pagumu huamini imefika kwenye kovu, ikaanza kazi bila kuitwa. Tulipozipanda seli zilezile juu ya jeli ya kilopaskali 2, visahani vya kulinganishia vikatulia, na ndipo TGF-beta ilipoonyesha kazi yake. Baadaye nikaelewa kwamba jambo hili linagusa ugonjwa wenyewe: TGF-beta nyingi hukaa imefungwa kwenye nyuzi zinazozunguka seli, na seli zikivuta mahali pagumu hufunguka. Yaani kovu likishakuwa gumu, ugumu wake huita kovu jingine. Tangu hapo, nikipata taarifa ya dawa ya kovu, natafuta kwanza seli zilikuwa zimekaa juu ya nini. Zikiwa juu ya plastiki tupu, huenda dawa ilikuwa inapambana na plastiki.

Baada ya hapo natafuta saa. Majaribio mengi hutia dawa pamoja na TGF-beta, au saa moja kabla. Dawa ikifanya kazi hapo, imezuia kovu lisianze. Mama hayuko kwenye hatua hiyo, kovu lake limekwisha kujengwa. Jaribio linalomhusu ni lile linaloacha seli zigeuke kabisa, kolajeni imwagike na kukazana kwa siku kadhaa, ndipo dawa itiwe. Majaribio ya namna hiyo ni machache, na dawa nyingi zinazong'ara kwenye yale ya kwanza hufifia hapa. Magazeti nayo huandika "imeondoa" mahali ambapo mtafiti aliandika "imezuia". Itafute taarifa yenyewe usome sehemu ya mbinu, mstari unaotaja saa ya kutia dawa. Wewe ni mtu wa maabara, utauona.

Kisha kuna suala la seli ni za nani. Kuwakilisha zile seli nono, watu hutumia mno A549. Hizi zilitolewa mwaka 1972 kwenye saratani ya pafu ya mwanamume Mzungu wa miaka 58. Ni imara, hukua haraka, hazisumbui, ndiyo maana zinapendwa. Lakini katika ugonjwa wa kovu usiojulikana chanzo, ushahidi mwingi unaonyesha kwamba seli nono zimezeeka na kuchoka, haziwezi tena kuziba pengo. Seli ya saratani haijui kuchoka. Mimi nazikubali A549 kwa kupima kama dawa ni sumu kwa seli, basi, nikitaka zaidi ya hapo natafuta nyingine. Tena mwaka 2011 iligunduliwa tofauti moja kwenye jeni ya MUC5B, jeni ya makamasi ya njia za hewa, ambayo kwa Wazungu ndiyo inayoongeza hatari ya ugonjwa huo kuliko tofauti nyingine zote za kurithi zilizoenea zinazojulikana. Kwa watu wenye asili ya Afrika tofauti hiyo ni adimu sana. Seli zinazouzwa kwenye katalogi nyingi zilitoka Ulaya na Marekani. Linaniuma hili, kwa kuwa wagonjwa wa Kongwa, wa Manyoni na wa Ntyuka wanahema vilevile, lakini seli zao hazimo kwenye friza zinazojaribiwa dawa. Naitrojeni ya maji si kitu kigeni kwetu. Wahimilishaji wa ng'ombe huibeba kwenye mitungi mpaka vijijini, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kinachokosekana ni mpango wa kuzitunza seli zetu, kwa ridhaa ya wagonjwa wenyewe.

Sasa nirudi kwa mama, kwani mpaka hapa nimeongea kama kwamba ugonjwa huanzia kwenye TGF-beta. Nionavyo mimi kwa maelezo yako, wa kwake ulianza kwenye jiwe. Milima yetu ya Dodoma ni mawe ya itale, na itale ina kwatsi nyingi, ambayo ni silika yenye umbo la fuwele. Nyundo ikishuka, kokoto unaiona, ila vumbi lenye upana chini ya maikromita 5 hulioni, na hilo ndilo linalofika kwenye vifuko vya hewa. Huko kuna walinzi, seli ziitwazo makrofaji, ambazo humeza kila kigeni. Zinaimeza fuwele na kushindwa kuiyeyusha. Fuwele hupasua kile kifuko cha ndani ya seli kilichoibeba, na mpasuko huo huamsha mtambo wa protini uitwao NLRP3, nao hutoa interlukini-1 beta, ishara ya moto. Mlinzi anakufa, fuwele inabaki nzima, mlinzi mwingine anaimeza. Mnyororo huu wa silika na NLRP3 ulionyeshwa na makundi kadhaa ya watafiti mwaka 2008, na ulionyeshwa kwenye seli. Hapo kisahani kilijibu swali lililokuwa lake. Ndiyo maana pia silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha nyundo: vumbi la zamani bado linapokezanwa.

Kwa ugonjwa kama huo, faibroblasti peke yake kwenye kisahani haitoshi. Unahitaji angalau walinzi na mafundi pamoja. Kinachofanyika sana ni kuchukua seli za THP-1, zilizotoka kwa mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu huko Japani, kuzigeuza makrofaji kwa kemikali, kuzilisha silika, halafu maji yaliyozizunguka yanahamishiwa kwa faibroblasti kuona kama zitaanza kupiga lipu.

Zipo modeli kubwa zaidi. Chipu ya pafu iliyotoka Harvard mwaka 2010 huvuta na kuachia utando wa seli kama pumzi. Oganoidi ni vijipafu vidogo vinavyojipanga vyenyewe kutokana na seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Ila ninayoiamini zaidi kwa kovu lililokwisha kukomaa ni ya vipande hai: pafu lililotolewa kwenye upasuaji hujazwa agarosi ya uvuguvugu, jeli itokanayo na mwani, likishaganda hukatwa vipande vya maikromita 300 hadi 500, na vipande hivyo hukaa hai siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Seli zote zipo mahali pake, na ugumu ni uleule wa pafu lenyewe.

Umeuliza uzichukulieje habari hizi. Angalia dawa mbili zilizofika kweli kwa wagonjwa, pirfenidoni na nintedanibu, zilizoruhusiwa Marekani mwezi Oktoba 2014. Nintedanibu ilianza kutafutwa kama dawa ya saratani. Kwenye faibroblasti za wagonjwa ilizuia zisiongezeke zinapoitwa na ishara ya PDGF. Hilo lilikuwa jibu safi kwa swali finyu. Ilipopewa wagonjwa wa kovu lisilojulikana chanzo, wale waliopata dawa bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, walipoteza kama mililita 240 za uwezo wa pumzi kwa mwaka, waliopata dawa wakapoteza kama 115. Yaani ilipunguza mwendo wa ugonjwa, na kovu la zamani lilibaki palepale. Mwaka 2020 iliruhusiwa huko pia kwa makovu mengine ya mapafu yanayozidi kukua. Bei yake ni kubwa mno kwa nyumba inayouza kokoto kwa ndoo, na sitaki uuze kiwanja kwa ajili ya kichwa cha habari.

Upande wa pili, kwa miaka mingi madaktari walitibu kovu lisilojulikana chanzo kwa predinisoni na azathioprini, dawa za kushusha kinga, kwa kuwa ilionekana dhahiri kwamba tatizo ni mwako wa kinga. Jaribio lililotangazwa mwaka 2012 lilisimamishwa katikati kwa sababu waliopewa mchanganyiko wa dawa hizo walikufa zaidi ya waliopewa dawa bandia. Nakusihi, mtu asije akakushauri umnunulie mama predinisoloni, ndugu ya predinisoni, duka la dawa kwa sababu "inafungua kifua". Kwa mtu mwenye vumbi la silika ni hatari zaidi, maana hushusha kinga, na silika yenyewe imeshamfungulia mlango kifua kikuu: walinzi wanaokufa kwa fuwele ndio haohao waliotakiwa kuvidhibiti vimelea.

Kwa hiyo mrudishe mama kliniki ya kifua ukiwa na swali moja lililoandikwa: katika zile dozi mbili, je, vimelea vilionekana kwenye makohozi, au dawa zilianzishwa kwa picha tu? Kovu la silika na la kifua kikuu hufanana sana kwenye picha. Mtajie daktari neno kokoto, na mtajie miaka 16, asidhani mama ni mkulima tu. Omba makohozi yapimwe upya, apimwe kwa kupuliza, oksijeni ipimwe akiwa ametoka kutembea wala si akiwa ameketi, na kama daktari ataona vyema, CT ya kifua. Na nyundo aiache. Kanga aliyojifunga puani haizuii vumbi la maikromita 5. Kama kuacha hakuwezekani mwezi huu, jiwe limwagiwe maji kabla ya kugongwa na wakati wa kugongwa, na wajukuu zake, wadogo zako, mtoto yeyote asikae upande upepo unakoelekea.

Umeniambia uko mwaka wa tatu, basi mradi wa utafiti unakusubiri, na nadhani unajua tayari utahusu nini. Vumbi la Ntyuka lenyewe juu ya makrofaji, kipimo ni interlukini-1 beta baada ya saa 24. Weka kundi la kulinganishia lenye vumbi lisilo na fuwele la ukubwa uleule, kwa kuwa seli hustuka kwa kumezeshwa chochote. Usizoe vumbi la chini. Tandika sahani safi kimo cha pua ya mtu aliyeketi, pembeni ya anayegonga, uache saa kadhaa. Kisha lizamishe kwenye maji, chembe kubwa zitangulie kutuama, uchukue zile zinazobaki zikielea. Fanya upesi, kwa maana jiwe lililovunjika leo ni kali kuliko la mwezi uliopita: uso wake mpya una chaji zinazopoa kadiri siku zinavyokwenda. Na mbuzi wanapita pale siku nzima, kwa hiyo vumbi lako litakuwa na samadi, na samadi ina sumu ya bakteria inayowasha makrofaji kuliko jiwe. Nusu ya sampuli ioke nyuzi 250 ili sumu hiyo iungue, nusu iache ilivyo, maana kuoka nako kunapunguza ukali wa jiwe. Zipime zote mbili siku moja, kwenye sahani moja. Andika kwenye chupa tarehe na saa ya kukusanya, jina la mtaa, na kama jiwe lilikuwa kavu au limemwagiwa maji. Sampuli ya jiwe lililomwagiwa maji niletee pia, hata kama ni kidogo.